Sinia Moja, Watu Wanane

Ukitaka kusikia makanisa yote ya Nairobi kwa mpigo mmoja, nenda bustani ya Jeevanjee saa saba mchana, siku yoyote ya kazi. Chini ya mti huu kuna mhubiri na spika yake, chini ya ule kuna mwingine, na sauti zao zinagongana pale katikati ambapo watu wamekaa kwenye nyasi wakila chipsi na kungoja saa nane ifike warudi kazini. Unasikiliza dakika tano, unasema amina ukipenda, unainuka unaenda zako. Hakuna anayekuuliza jina. Kesho ukirudi huenda utamkuta mhubiri mwingine kabisa, na wewe huna deni na yeyote kati yao.

Nimekaa pale mara nyingi, na kwa miaka sikuwahi kujiuliza huyo Jeevanjee alikuwa nani. Nilidhani ni jina tu la mahali, kama Ngara.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka wa 1856. Alikuja pwani yetu kibiashara, akapata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka India waje kujenga reli ya Uganda, akatajirika. Alianzisha gazeti ambalo leo tunaliita The Standard. Akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuteuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria la hapa. Na mwaka wa 1906 akawapa watu wa Nairobi bustani ile. Kwa dini, alikuwa Bohora.

Kama umekulia Mombasa, huhitaji kuelezwa. Mabohora unawajua kwa macho: wanaume wenye ndevu na kofia nyeupe zilizotiwa nakshi ya dhahabu, wanawake wenye rida, lile vazi la vipande viwili ambalo si jeusi kama buibui bali ni la waridi, kijani kibichi au samawati, lenye lesi pembeni. Umenunua misumari na rangi kwenye maduka yao. Umepita msikiti wao Mji wa Kale, karibu na Bandari ya Zamani. Lakini hujaingia ndani, na pengine hujui mtu aliyeingia. Ni majirani wa zaidi ya miaka mia moja, na bado ukiulizwa wanaamini nini, utabaki kukuna kichwa.

Hilo ndilo lililonivuta. Bustani iliyo wazi kuliko zote mjini, ambapo kila dini inajitangaza kwa spika, ilitolewa na mtu wa jumuiya ambayo haijitangazi kabisa, haitafuti waumini wapya, na duniani kote haizidi sana watu milioni moja. Nilitaka kujua watu wachache hivyo wanashikanaje kwenye miji mikubwa inayotutenganisha sisi wengine.

Nina sababu yangu ya kuuliza. Nililelewa kanisani, Jumapili hadi Jumapili, kwaya, kambi ya vijana, kila kitu. Nilipoacha kwenda nilikuwa na miaka 23, na nilijipangia hotuba nzima ya kujitetea siku mchungaji au kiongozi wa vijana akinipigia. Hakuna aliyepiga. Baada ya miezi kama minne nilitolewa kwenye grupu la WhatsApp pamoja na wengine waliokuwa kimya, eti kupunguza msongamano. Ile hotuba ninayo hadi leo. Bohora akiacha hivyo, simu zitapigwa. Nilitaka kujua ni simu za aina gani.

*

Hadithi yao inaanzia mbali na Mombasa. Mwaka wa 1130, huko Cairo, khalifa wa Kifatimi aliyeitwa al-Amir aliuawa. Wengi walikubali mrithi aliyejitokeza kutoka ukoo huohuo. Wachache walishikilia kwamba al-Amir alikuwa ameacha mtoto mchanga, al-Tayyib, na kwamba huyo ndiye Imamu wa haki ingawa amefichwa. Yemen kulikuwa na malkia, Arwa al-Sulayhi, mwanamke aliyetawala kwa miaka mingi. Yeye aliwaunga mkono hao wachache. Kwa kuwa Imamu haonekani, ukawekwa wadhifa wa mtu wa kumwakilisha: Dai. Malkia Arwa alifariki mwaka wa 1138, lakini wadhifa ule haujafa hadi leo.

Hebu fikiria hali yenyewe. Kiongozi wenu wa kweli hayupo, hamjui yuko wapi, kizazi chake kinaendelea mafichoni, na ninyi mnatakiwa mkae pamoja mkimtii mwakilishi wake. Si mwaka mmoja wala kumi. Ni karibu miaka mia tisa sasa.

Kutoka Yemen imani ile ilivuka bahari hadi Gujarat, magharibi mwa India, ikawapata wafanyabiashara. Jina lenyewe la Bohora huelezwa kuwa limetokana na neno la Kigujarati la kufanya biashara. Karne ya 16 makao ya Dai yalihamia huko. Mwishoni mwa karne hiyo wakagawanyika kuhusu nani arithi: waliomfuata Dawood bin Qutubshah wakaitwa Dawoodi, ndio hawa wa kwetu, na waliomfuata Sulayman wakabaki na nguvu zaidi Yemen. Mwaka wa 1646 Dai wao wa 32 aliuawa Ahmedabad kwa mashtaka ya uzushi, wakati Aurangzeb alikuwa gavana wa Gujarat. Wanamkumbuka mpaka leo kama shahidi. Watu waliopitia hayo hujifunza kuficha imani mbele ya wageni, na hujifunza pia kwamba ukipatwa na shida anayekuja kukutoa ni mwenzako wa ndani.

Karne ya 19, ukame na njaa vilipoikamata mikoa ya Kutch na Kathiawar, vijana wao walipanda majahazi ya kaskazi wakaja Zanzibar, Lamu, Mombasa, hadi Madagascar. Walifungua maduka chini ya masultani wa Kiomani. Reli ilipofika Nairobi na Kisumu, walipanda nayo. Halafu yakaja mapinduzi ya Zanzibar mwaka wa 1964, na amri ya Idi Amin mwaka wa 1972, na familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki zikatawanyika Uingereza, Kanada, Marekani. Mabohora nao walitawanyika, lakini popote walipokusanyika walijenga upya kitu kilekile: msikiti, jiko, na amili, yaani mwakilishi anayetumwa na Dai kwenye kila mji na ambaye anaweza kuhamishwa wakati wowote, kama chifu wa zamani alivyohamishwa na DC.

*

Sasa nije kwenye lile swali: wanashikanaje?

Jibu letu la haraka ni kwamba watu kama hawa wamebaki nyuma, na siku watoto wao wakipata digrii na intaneti mambo yatayeyuka. Nilianza kusoma nikiwa na jibu hilo. Halifai. Mabohora wamesoma kuliko wengi wetu. Wasichana wao wanaenda chuo. Mwaka wa 2001 mwanaanthropolojia Mmarekani, Jonah Blank, alitoa kitabu juu yao kiitwacho *Mullahs on the Mainframe*, na hoja yake ni hiyohiyo iliyo kwenye jina: walikimbilia kompyuta na simu mapema, na wakazitumia kuimarisha mila badala ya kuzitupa.

Na mila yenyewe, kwa sura tunayoiona barabarani, si ya kale kama inavyoonekana. Katikati ya karne iliyopita Bohora wengi mijini walivaa kama wafanyabiashara wengine: suti, wanaume wengi bila ndevu. Ni Dai wa 52, Mohammed Burhanuddin, aliyeongoza tangu 1965 hadi 2014, ndiye aliyesisitiza, hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, kwamba wanaume wafuge ndevu na wavae kofia na kanzu nyeupe, wanawake wavae rida, na watu wajitoe kwenye riba. Yaani lile vazi tunalodhani limetoka enzi za Cairo lilisisitizwa upya wakati wazazi wetu walikuwa shuleni. Ukuta ulijengwa juzi, na watu waliokuwa na ndege na simu.

Ulijengwa kwa vitu gani? Nitataja vichache, maana hapa ndipo nilipobadilisha mawazo.

Kwanza ni kiapo. Mtoto wa Kibohora akibaleghe anaapa kiapo kiitwacho misaki, cha kumtii Imamu aliyefichika na Dai wake. Kabla ya kiapo ni mtoto wa Mabohora. Baada yake ni Bohora mwenyewe. Kila mwaka, tarehe 18 ya Dhulhija, jumuiya nzima inarudia kiapo hicho pamoja. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema nilizaliwa tu humu, mimi sikuchagua. Ulitamka kwa mdomo wako, na mwaka jana ulitamka tena.

Pili ni kalenda. Kila mwaka Mombasa na Lamu tunakuwa na ule ugomvi wetu: mwezi umeonekana? Tufuate Saudia au tungoje wa hapa? Mabohora hawamo kwenye mjadala huo. Wanatumia kalenda ya Kifatimi iliyopigwa hesabu: miezi ya siku 30 na 29 kwa zamu, na siku moja ya ziada katika miaka 11 kati ya kila 30. Kwa kawaida wanaanza kufunga siku moja au mbili kabla ya majirani, na wanasherehekea Idi majirani wakiwa bado na njaa. Haionekani kama jambo kubwa. Lakini mtu ambaye sikukuu yake haiangukii siku moja na yako hatakuja kula kwako kwa bahati tu, na wewe hutakwenda kwake.

Tatu ni lugha. Nyumbani na msikitini wanatumia Lisan al-Dawat, ambayo ni Kigujarati kilichojaa Kiarabu na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu. Watu wa Lamu wataelewa upesi, kwa sababu tenzi za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi hizohizo. Mtoto wa Kibohora wa Nairobi anaongea Kiingereza shuleni, Kiswahili dukani, na lugha ya tatu ambayo karibu kila anayeiongea, popote duniani, ni mtu wake.

Nne ni chakula, na hapa niseme nilichokiona. Niliwahi kualikwa kwenye harusi ya mtu niliyesoma naye chuo. Tulikaa chini, wanane, tukizunguka sinia moja kubwa iliyoinuliwa juu ya kigoda. Kijana alipita na birika na beseni akatunawisha mmoja mmoja. Kikapitishwa kidau cha chumvi, kila mtu akaonja kidogo kwa ncha ya kidole. Halafu kikaja kitamu kwanza, ndiyo, kitamu kabla ya chakula, kisha nyama, kisha kitamu tena, kisha wali. Kulikuwa na mzee mwenye maduka matatu na kijana anayemfanyia kazi kwenye moja ya maduka hayo, mikono yao ndani ya sinia moja. Hakuna aliyeinuka hadi sinia imekuwa safi. Mimi nilikuwa nimeshiba zamani, nikasukumiwa punje za mwisho za wali kwa tabasamu, nikala.

Kinachofanyika harusini kina toleo lake la kila siku. Katika miaka ya hivi karibuni jumuiya imeweka majiko ya pamoja kwenye miji yenye Mabohora, na nyumba zinapelekewa chakula kilichopikwa, ndani ya vile vyombo vya chuma vya kupangana. Tajiri na maskini wanakula mchuzi uleule jioni ileile. Sababu inayotolewa ni mbili: asiwepo anayelala njaa, na wanawake wapunguziwe kazi ya jikoni wapate muda wa mambo mengine. Sababu zote mbili ni za kweli. Lakini angalia pia kinachotokea pembeni: kila siku kuna mtu wa jumuiya anayejua nyumba yenu ina watu wangapi leo.

Tano ni pesa. Wana mfuko wa karadha hasana, mkopo usio na riba. Kijana anayetaka kufungua duka anaenda kwenye mfuko, wenzake wanamdhamini, analipa polepole. Niliposoma hayo nilifikiria marafiki zangu wangapi wamo kwenye mikopo ya simu, wanaokopa huku kulipa kule, na meseji za kutishwa zinatumwa kwa kila namba iliyo kwenye simu zao.

Na sita ni ruhusa, wanayoiita raza. Kwa mambo makubwa, ndoa ikiwamo, unaomba raza ya Dai kupitia kwa amili. Kila mmoja ana namba yake ya uanachama na kadi yenye picha. Kadi hiyo inakufungulia milango ya misikiti na mikutano yao kote duniani. Mwaka wa 2016 Dai alipohubiri siku kumi za mwanzo za Muharram Dar es Salaam, walimiminika kwa maelfu kutoka nchi mbalimbali. Maelfu ya watu walihamia mji wa kigeni kwa siku kumi, na wakapata pa kulala, chakula, na mahali pa kukaa msikitini.

Ukiviweka pamoja unaona kwamba imani, ile ya vitabuni, ni sehemu tu. Jumuiya imejishughulisha na chakula cha jioni, mtaji wa duka, nguo ya kuvaa, tarehe ya leo, mchumba wa mtoto. Bohora hahitaji kufikiri kila asubuhi kama anaamini. Anaishi, na kuishi kwenyewe kumeshikana.

*

Sasa fikiria unataka kutoka. Au hutaki kutoka, unataka tu kuuliza swali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Udaipur huko India, vijana wa Kibohora walianza kudai wawe na sauti katika mambo ya jumuiya, pamoja na hesabu za fedha wanazochanga. Mvutano uliofuata uligawanya mji: msikiti na msikiti, makaburi na makaburi, ndugu na ndugu. Adhabu kubwa kuliko zote inaitwa baraat, kutengwa. Ukitengwa, hakuna anayekufyekea kaburi. Hakuna anayekula nawe. Mke au mume anaweza kushinikizwa akuache. Duka lako linakosa wateja waliokuwa wa kudumu. Vile vitu sita nilivyotaja, vyote, vinageuka siku hiyohiyo.

Msomi Asghar Ali Engineer, aliyezaliwa 1939 kwenye nyumba ya mwanachuoni wa Kibohora, aliingia kwenye harakati hizo akawa sauti yake kubwa. Alitengwa. Alishambuliwa zaidi ya mara moja, na mwaka wa 2000 nyumba na ofisi yake mjini Mumbai zilivamiwa na kuvunjwavunjwa. Aliandika hadi kifo chake mwaka wa 2013, na hakuacha kujiita Bohora.

Serikali nayo ilijaribu. Mwaka wa 1949 jimbo la Bombay lilipitisha sheria ya kupiga marufuku kutenga watu. Dai wa wakati huo, Taher Saifuddin, alienda mahakamani, na mwaka wa 1962 Mahakama ya Juu ya India ikaifuta sheria ile kwa kura nne dhidi ya moja. Majaji walisema kwamba kumtenga mtu kwa sababu za kidini ni sehemu ya haki ya dini kujisimamia. Aliyepinga alikuwa Jaji Mkuu mwenyewe, aliyeona kwamba mtu aliyetengwa anafanywa asiyeguswa, na katiba haikubali hilo. Mwaka wa 2023 swali hilo lilipelekwa mbele ya majaji tisa litazamwe upya. Miaka sitini na moja, na bado hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika mstari uko wapi kati ya kundi kuwa na mlango na kundi kukufungia nje.

Kuna jambo zito zaidi, na siwezi kulipita. Kwa vizazi wasichana wadogo wa Kibohora wamefanyiwa khafz, ukeketaji, nyumbani, kwa siri, mara nyingi na umri wa miaka saba hivi. Kwa muda mrefu dunia haikujua, maana kundi lisiloongea na wageni linaweza kutunza siri yoyote, nzuri au mbaya. Waliovunja ukimya ni wanawake wa Kibohora wenyewe, waliosimulia yaliyowapata wakiwa watoto na, mwaka wa 2015, wakaanzisha shirika la Sahiyo. Mwaka huo huo watu watatu walipatikana na hatia Australia, na baada ya rufaa kupanda na kushuka, mahakama kuu ya nchi hiyo mwaka wa 2019 ikaamua kwamba sheria inakataza tendo hilo hata likiwa dogo kiasi gani. Uongozi wa jumuiya katika nchi kadhaa uliandika barua kuwaambia watu watii sheria za nchi wanazoishi. Hapa Kenya sheria imekataza tangu 2011. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi ya yule mwanamke kabla hajaongea. Anayetaka kumshtaki ni bibi yake. Anayemletea chakula jioni ni jumuiya ileile. Ukimya wake haukuwa ujinga. Alikuwa anahesabu.

*

Ningeweza kuishia hapo niseme ni woga unaowashikilia. Lakini woga peke yake haushikilii watu miaka mia tisa.

Kulikuwa na kundi Marekani lililoitwa Shakers, lililofika huko kutoka Uingereza mwaka wa 1774 likiongozwa na mwanamke, Ann Lee. Walikuwa wakali kuliko Mabohora: mali yote ya pamoja, hakuna ndoa, hakuna kuzaa. Walifikia maelfu, na samani zao bado zinasifiwa duniani. Leo wamebaki wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kijijini Sabbathday Lake, jimbo la Maine. Sheria kali bila watoto ilikuwa saa inayohesabu kurudi nyuma. Kwa upande mwingine, mwaka wa 1994 mwanauchumi Laurence Iannaccone aliandika makala iliyojulikana sana kueleza kwa nini makanisa makali yana nguvu. Hoja yake kwa ufupi: uanachama ukiwa wa bei ghali, wavivu hawaingii, na waliobaki wanapata kikundi ambacho kila mmoja anachangia kweli. Kila mtu aliyewahi kuwa kwenye chama ambacho nusu ya wanachama hawalipi anaelewa hesabu hii bila kwenda chuo kikuu.

Kwa hivyo inahitajika bei, na inahitajika kitu cha thamani unachokipata kwa bei hiyo. Mabohora wana vyote viwili. Ndiyo maana hata mgogoro wa urithi haukuwamaliza. Dai Burhanuddin alipofariki Januari 2014, umati uliofika Mumbai kumuaga ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu 18 walikufa kwenye msongamano. Papo hapo viongozi wawili walidai urithi: mwanawe Mufaddal Saifuddin na ndugu yake wa kambo Khuzaima Qutbuddin. Kesi ilichukua miaka kumi, mdai mmoja akafariki njiani na mwanawe akaichukua, hadi Aprili 2024 Mahakama Kuu ya Bombay ilipomkubali Mufaddal. Wengi mno walikuwa wameshamfuata tangu siku ya kwanza. Kwa mtu wa kawaida, swali la nani Dai wa haki lilikuja pamoja na swali la msikiti upi, jiko lipi, shule ipi. Na vitu hivyo havikuhama.

Uongozi huo uko hapa kwetu pia. Mwaka wa 2017 Uhuru Kenyatta alihudhuria ufunguzi wa kampasi ya Nairobi ya Aljamea-tus-Saifiyah, chuo chao cha dini ambacho kina matawi pia Surat, Karachi na Mumbai. Vijana wanaosomea uongozi wa jumuiya hii duniani, baadhi yao wako Nairobi sasa hivi tunapoongea, na wengi wetu hatujui.

*

Mwaka jana jirani yangu wa ghorofa ya tatu alifariki. Mwanaume wa miaka arobaini hivi, mpole, tulikuwa tukisalimiana kwenye ngazi. Caretaker alivunja mlango siku ya pili. Tulisimama pale koridoni, majirani kama kumi, na ikatokea kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina lake la pili. Hatukujua kwao ni wapi. Hatukujua kama ni wa kanisa au wa msikiti. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri. Ilichukua siku mbili na polisi kumpata dada yake. Tulichanga, ndiyo, tunajua kuchanga. Lakini tulimchangia mtu tusiyemjua.

Usiku ule ndipo niliporudi kwenye kusoma habari za Mabohora nikiwa na macho tofauti. Bohora akifa Nairobi, amili anajua ndani ya saa moja. Wapo wa kumuosha, wapo wa kumbeba, kaburi lipo, na wapo watakaokuja kula kwa ajili yake siku zinazofuata. Hatangoja siku mbili. Ila kama ametengwa, mlango huohuo unafungwa, hata wa makaburi.

Sijui kama ningelipa bei yao. Nikiwa mkweli, nadhani singeweza: ruhusa kwa mambo ya nyumbani kwangu, kiapo kila mwaka, na kunyamaza pale ambapo kunyamaza kunamuumiza mtoto. Lakini nimeacha kuwadharau, na nimeacha kudhani kwamba mimi niko huru na wao hawako. Mimi pia nililipa. Bei yangu ni ile koridoni.

Mjukuu wa Jeevanjee, mwandishi na mwanaharakati Zarina Patel, aliandika maisha ya babu yake. Kabla ya hapo, mwaka wa 1991, ulitoka mpango wa kujenga jengo la maegesho kwenye ile bustani, na yeye ndiye aliyeongoza watu kuupinga hadharani, wakati wa utawala ambao kupinga jambo hadharani kulikuwa na gharama zake. Bustani ikapona. Kwa hiyo wahubiri wa saa saba wanasimama pale kwa sababu mtu wa jumuiya iliyofungwa alitoa ardhi, na mtu wa damu yake akakataa ichukuliwe.

Wiki iliyopita nilienda tena. Mhubiri alikuwa akisema njooni, mlango uko wazi. Kando yangu alikaa kijana na kikapu cha njugu. Nilimuuliza jina, na kwao, na anaishi wapi. Alinitazama kidogo kwa wasiwasi, kama mtu anayefikiri ataombwa pesa. Kisha akanijibu.